Mfereji Ndani ya Lori

Changamwe, Mombasa.
Jumapili, baada ya alasiri.

Mama yangu mpenzi,

Kabla ya neno lolote, shikamoo. Na Baba mwamkie kwa niaba yangu, umbusu mkono. Je, kikohozi chake kimemwacha, au bado chamsumbua alfajiri? Na mkono wako ulioungua kwa mafuta umepona? Katika barua yenu ya mwisho Kaka Shee aliandika, "Mama ameungua kidogo," kisha akahamia habari za mpira wa miguu mpaka chini ya karatasi. Kaka Shee, najua ndiwe unayemsomea Mama barua hii. Tafadhali safari nyingine andika hicho kidogo ni kiasi gani. Na leo usome polepole, usiruke mahali, kwa sababu habari yangu ni ndefu na yote ni ya kheri.

Sisi hapa kwa Mjomba Athmani tu wazima, alhamdulillah. Joto ni kali, na foleni ya maji kwenye mfereji wa mtaa ni ndefu kuliko zamani, kwa kuwa kila wiki wahamia watu wapya wa bandarini na wa viwandani. Shuleni naendelea vyema. Mwalimu wetu hutufunza kwamba barua njema huanza na la kwanza na kumaliza na la mwisho. Nitajaribu kumtii, ijapokuwa furaha yanisukuma nianzie mwisho.

Mama, wakumbuka likizo iliyopita sikuweza kuja. Mto Tana ulikuwa umefurika na njia ya Garsen imekatika. Hata maji yalipopungua hapakuwa na mtu wa kufuatana nami, na Mjomba alisema hawezi kunipakia peke yangu kwenye basi kama gunia la nazi. Nilisema, "Haidhuru, Mjomba," nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Basi mlango ukafunguka mahali ambapo sikutazamia. Yuko bibi mmoja wa Mtongwe aitwaye Bi Mwanahawa. Wewe wamjua kwa jina, kwa maana ni dada mkubwa wa jirani yetu Bi Esha, mwenye mbuzi weupe. Miaka mingi dada hawa hawajaonana. Bi Mwanahawa kwa bahari haendi, asema hata kivuko cha Likoni humzungusha kichwa. Kwa basi magoti hayamruhusu. Na hata magoti yangemruhusu, liko jambo la udhu. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mwanawe, "Kutoka hapa mpaka Witu kuna kivuko cha Mtwapa, cha Kilifi, na cha Garsen, na katikati ni vumbi tupu. Nitatia udhu wapi mimi? Nichutame kando ya njia na kopo, matingo wa basi wanitazame?"

Mwanawe, Bwana Omari, ana malori yachukuayo mbata, zile nazi kavu, na saruji. Ni mtu wa maneno machache, lakini mamake akimtazama kwa muda huwa hana la kufanya. Akaleta lori moja hapa uwanjani kwa Mjomba, ambaye kazi yake, kama ujuavyo, ni kuunda bodi za malori kwa mbao. Akamwambia, "Athmani, nijengee chumba humu ndani. Kitanda, dirisha lenye pazia, na mahali pa kunawia penye mfereji wa kufungua na kufunga."

"Mfereji ndani ya lori?" akauliza Mjomba.

"Mama asema hivyo."

Na Bi Mwanahawa akaniona nimesimama na sinia la kahawa. Akauliza mimi ni binti wa nani, na alipojua kwetu ni Witu, akasema, "Basi huyu ndiye atakayefuatana nami. Atanisaidia njiani, nami nitamfikisha kwa mamake." Tangu siku ile, Mama, kila msumari Mjomba alioupiga nilihesabu kuwa ni wangu. Mfereji ukitoa maji, naja nyumbani likizo hii. Usipotoa, Bi Mwanahawa haendi, nami siji.

Chumba kilimalizika upesi, nacho ni kizuri. Mjomba alikipaka rangi ya kijani, na ubaoni juu ya dirisha amechonga maua kama ya milango ya Lamu. Taabu ilikuwa maji. Mwanzo aliweka tangi la chuma juu ya dari na bomba la kuteremkia chini, akaona kazi imekwisha. Bi Mwanahawa akaja kutazama, akapandishwa kwa ngazi, akafungua mfereji. Maji yalitoka, lakini yalitoka kwa haya, uzi mwembamba uliopotea kabla ya kufika kiganjani.

Bi Mwanahawa akayangoja. Kisha akasema, "Athmani mwanangu, maji haya yatoka kama mtoto anayelazimishwa kuamkia wageni."

Akaonja kidogo, akakunja uso. "Na yana ladha ya bati."

Mjomba hakula chakula cha mchana siku ile.

Aliyetuokoa ni jirani yetu Bwana Mutua, mtu wa Ukambani, fundi wa mifereji katika kiwanda kimoja hapa Changamwe. Jumapili akitoka kanisani hupita uwanjani akipiga mluzi wa nyimbo za huko, na yeye na Mjomba hutaniana mpaka mkaza mjomba Bi Zena huwaletea chai ili wanyamaze. Alilitazama tangi lile la juu, akacheka.

"Fundi wa mbao! Maji hayana nguvu yao yenyewe. Yanaazima kwa kimo. Tangi lako limepita mfereji kwa urefu wa mkono tu. Ukitaka nguvu, lipandishe juu ya mnazi."

"Na lori lipite wapi na mnazi juu?"

"Hiyo muulize Bwana Omari."

Lakini alivua koti lake la kanisani akalitundika kwenye msumari, nami nikajua hatakwenda. Jumapili iliyofuata walilishusha tangi, wakalifunga chini ya sakafu katikati ya magurudumu, lori lisilemee juu penye kona. Kisha Bwana Mutua akaleta pampu ndogo ya kukanyaga kwa mguu, iliyotoka katika mashua ya zamani. Ukikanyaga, yavuta maji kutoka tangini na kuyapandisha. Lakini yakaja magoti ya Bi Mwanahawa tena: je, atakanyaga huku anatia udhu? Na mimi sitaweza kumkanyagia kila mara, kwa sababu ana haya zake.

Hapo, Mama, nilijifunza jambo ambalo nitalikumbuka maisha yangu. Bwana Mutua alileta mtungi wa chuma uliofungwa kila upande, akauunga kati ya pampu na mfereji. Mjomba akauliza wa nini. Bwana Mutua akaniita mimi, akaniambia nibonyeze gurudumu la baiskeli yake kwa kidole gumba.

"Linakusukuma?"

"Naam, larudisha kidole changu."

"Ndani kuna hewa tu. Hewa inakubali kubanwa, lakini haisahau. Maji hayakubali kubanwa hata kidogo. Sasa, huu mtungi una hewa. Wewe utakanyaga pampu kabla Bibi hajaingia, maji yataingia chini na kuibana hewa juu. Halafu utatoka nje. Bibi akifungua mfereji, ile hewa iliyobanwa itayasukuma maji taratibu, na yeye mguu wake umepumzika."

Nilifurahi mno nikasema kwa sauti, "Kwa hivyo hewa ndiyo itakayomkanyagia!" Mjomba akasema, "Umelipia hewa hiyo, Mutua, au umekopa kwa Mungu?" Bwana Mutua akajibu kwamba kwao Ukambani hewa ni bure, ni huku pwani tu watu hulipia upepo.

Jaribio la kwanza lilikuwa Ijumaa. Bwana Mutua alikuwa amepata ruhusa kazini asubuhi ile, naye Mjomba alikuwa ameshavaa kanzu nyeupe ya kwendea msikitini, akaja "kutazama tu." Mimi nilipewa kazi ya kukanyaga. Nilikanyaga kwa bidii. Bwana Mutua alisema basi, lakini mimi nilikuwa namfikiria wewe, Mama, nikaongeza. Mpira wa kupitishia maji ukachomoka kwenye bomba kwa kishindo na maji yote yakampata Mjomba kifuani. Alisimama, kanzu imemganda, kofia imeelea mpaka mlangoni.

Bwana Mutua akasema, "Nguvu ipo."

Mjomba akafuta macho, akasema, "Nimeiona."

Mpira ukafungwa kwa pete ya chuma, nikafundishwa kiasi cha kukanyaga, na maji yakatoka vizuri ajabu, kamba nene inayong'aa. Nilidhani shida zimekwisha. Bwana Omari akatuma neno: Jumapili atamleta mamake ajionee. Mvua zimepita, mbata zimejaa ghalani, na lori limekaa bure muda mrefu. Maji yakitoka, safari ipo shule zikifungwa. Yasipotoka, Jumatatu lori lirudi kazini na chumba kibomolewe.

Jumapili hiyo ni leo, Mama.

Asubuhi niliamka mapema nikabeba ndoo kutoka mfereji wa mtaa kujaza tangi. Wenzangu kwenye foleni walininung'unikia, "Lori lenu lina kiu gani?" Niliwaambia laenda Witu, wakaniachia. Adhuhuri ilipopita akaja Bi Mwanahawa, buibui lake limepigwa pasi, na mkononi bahasha ya kitambaa. Ndani mlikuwa na makubadhi mapya, ya ngozi laini iliyotiwa nakshi, aliyomshoneshea mdogo wake kwa fundi wa mjini. Alituonyesha kwa furaha. Bi Esha, alisema, tangu usichana hapendi kiatu kingine.

Nikakanyaga kiasi kile kile nilichofundishwa, nikatoka. Bi Mwanahawa akaingia, akafungua mfereji. Tulisikia maji yakianguka vyema, kisha yakapungua, kisha tone, tone, na kimya.

"Mwanaidi!" akaita.

"Abee, Bibi."

"Hewa yako imelala."

Nikaingia nikakanyaga tena. Mguu wangu ulishuka bila kuzuiliwa na kitu, kama unapodhani kuna ngazi nyingine na hakuna. Nikajua pampu haivuti. Nje Bwana Mutua alisema bila shaka mbao za Mjomba zimelibana bomba. Mjomba akasema bila shaka pampu ya mashua imekumbuka bahari yake. Bwana Omari alitazama magurudumu ya lori, kisha akatazama njia ya kwenda ghalani, na mimi niliyaona macho yake.

Ndipo Bi Mwanahawa akatoka mlangoni, viganja vimelowa. Akavinusa. Akavinusa tena, na uso wake ukafunguka.

"Mbona maji haya yanukia? Ni ubani huu. Ubani na mastiki. Nani aliyefukiza?"

Sote tukageuka kumtazama mkaza mjomba, amesimama mlango wa jikoni na leso mdomoni.

"Mimi," akasema Bi Zena. "Jana mlipokuwa hampo. Nilisikia Bibi amesema maji yana ladha ya bati, nikaona haya mgeni wangu asafiri na maji yasiyonukia. Mtungi wa nyumbani tunaupindua juu ya chetezo cha ubani upate moshi. Tangi nitalipinduaje? Nikakiteremsha chetezo ndani kwa kamba nikafunika kwa kanga. Kilipinduka kidogo, lakini nikadhani makaa yamezimika."

"Yalizimika," akasema Bwana Mutua, ambaye alikuwa ameshalala chini ya lori. Akaifungua pampu, akatutolea kiganjani mwake tope jeusi la makaa na madonge ya ubani. Ndani ya pampu hiyo, Mama, kuna ulimi wa ngozi unaoinuka maji yakipita na kujifunga yasirudi nyuma. Ulimi huo ulikuwa umeshikana na chuma kama midomo ya mtoto aliyekula halua. Kwa hivyo maji yalipanda na kurudi, yakapanda na kurudi. Alipoubandua ukapasuka.

"Kwetu maji tunakunywa tu," akasema, akitikisa kichwa. "Sikujua huku yanavalishwa manukato."

"Ndiyo maana maji ya kwenu hayana wageni," akajibu Bi Mwanahawa, na hata Bi Zena aliyekuwa karibu kulia akacheka.

Mimi sikucheka. Leo Jumapili wauza ngozi wamefunga, na kesho ni mbata. Bwana Mutua alitafuta katika sanduku lake lote. Alijaribu kipande cha mpira wa gurudumu, kikawa kigumu. Alijaribu ukanda wake mwenyewe, ukawa mnene. Bwana Omari akakohoa na kusema kwa upole, "Mama, labda mwakani." Nilitazama chini ili mtu asinione uso.

Bi Mwanahawa akaketi kwenye ngazi ya lori. Akaifungua bahasha yake, akatoa kubadhi moja, akaipapasa ngozi ya juu kwa kidole, akaikunja, ikakunjika kama kitambaa.

"Hii je?"

"Bibi, hiyo ni zawadi," akasema Bwana Mutua.

"Ni mpya, haijakanyaga uchafu wowote, ni twahara kwa udhu. Kata."

"Mama!" akasema Bwana Omari. "Sasa utampelekea Khala Esha nini?"

"Nitampelekea moja mkononi. La pili nitamwonyesha kwenye pampu. Wajua wewe angechagua nini, makubadhi mawili bila mimi, au moja pamoja nami? Kata, mwanangu Mutua, nisije nikaionea huruma."

Akakata. Bi Zena akakimbia kuleta mafuta ya nazi ya kuilainisha ngozi, na Bwana Mutua akayanusa kwanza. "Haya hayana asumini ndani?" Bi Zena akaapa wallahi hayana. Sisi wengine tukamwaga maji ya tangi, tukalisugua, tukalisuuza, na wale wale wa foleni walioninung'unikia asubuhi wakaja na ndoo zao kutusaidia kujaza, kwa sababu habari ilikuwa imeshafika mtaani.

Nikapanda. Nikaweka mguu. Mama, kikanyagio kilinisukuma, kama lile gurudumu la baiskeli lilivyokisukuma kidole changu. Nilijua kabla ya mtu mwingine yeyote kujua. Nikakanyaga kiasi, wala sikuongeza, nikatoka nikafunga mlango.

Tulisimama uwanjani tukisikiliza. Maji yalianguka ndani ya chumba kile, yakasita alipokuwa akifunga, yakaanguka tena. Mikono, mdomo, uso, tuliweza kufuata kila hatua kwa sauti. Hapakuwa na haraka yoyote ndani yake. Bwana Mutua alivua kofia, sijui kwa nini, na Mjomba hakumtania. Mwisho wake maji hayakupungua, alifunga mwenyewe.

Akatoka uso unang'aa matone. Akamtazama mwanawe, naye Bwana Omari akasema tu, "Mbata zitapakiwa lori jingine." Kisha akanigeukia mimi.

"Mwanaidi."

"Abee, Bibi."

"Mzigo wako umeshaufunga?"

Nilisahau adabu niliyofundishwa, nikatikisa kichwa tu kwamba bado. Akasema, "Wangoja nini?"

Basi ndiyo hiyo habari, Mama, nami nimejitahidi kuiweka kwa mpango wake. Shule zikifungwa tunaondoka. Tutapita Kisauni, tutavuka Mtwapa na Kilifi, watu wa kivuko wakivuta mnyororo na kuimba, tutalala Malindi kwa jamaa zake Bwana Omari, kisha Garsen, kisha nyumbani. Dereva ameahidi kupiga honi tangu penye miembe ya kwanza. Kaka Shee, usikimbie mbele ya lori kama ufanyavyo kwa mabasi, breki zake Mjomba hajazigusa.

Liko pia jambo aliloniambia mwalimu kuhusu masomo yangu ya mbele. Ni jema, lakini nataka kulisema nikiwa nimeketi karibu nawe, ili nione utakavyolipokea.

Mwambie Bi Esha dada yake aja, lakini habari ya kiatu usimwambie. Bi Mwanahawa ataka kumpa kimoja na kumtazama uso kwanza. Nisalimie Baba, Nana mwenye kiti chake barazani, Kaka Shee huyu anayesoma, mwalimu wangu wa chuo cha Kurani aliyenifunza herufi za kwanza, na wale watoto wa mlango wa pili waliokuwa wakinisindikiza kisimani. Mjomba, Bi Zena na Bwana Mutua wanakusalimu sana. Bi Zena aongeza kwamba umsamehe kwa kuchelewa kumtuma mwanao.

Mama, tangi litakuwa karibu tupu tukifika, nalo nitalijaza mimi kwa maji ya kisima chetu. Wewe nifukizie mtungi wa ukumbini tu, kwa ubani mwingi kama wa sikukuu. Mwaka mzima nimekunywa maji mema hapa, na hakuna hata siku moja ambayo hayakunikumbusha yale.

Ni mimi binti yako, ambaye mzigo wake sasa umefungwa,

Mwanaidi